Kabla Ramani Haijapitishwa

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wakazi na wafanyabiashara wa Nakuru waliokutana kujiandaa kutoa maoni juu ya mpango wa matumizi ya ardhi. Wengi walikuwa kazini siku hiyo wakaomba niiweke yote ilivyokuwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama wa sokoni, vijana wa boda boda na jua kali, wenye ploti na wapangaji, hamjambo? Hamjambo tena? Haya, sasa nasikia watu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupanga miji, sehemu kubwa huko Kisumu na miji ya magharibi. Sasa nimestaafu, kwa hiyo ninayoyasema leo hakuna mkubwa wa kuniita ofisini Jumatatu kuniuliza niliyasemea nini. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya kupokea maoni ya wananchi. Watu walikuja. Watu walisema. Walisema kwa uchungu, wakapigiwa makofi, mzee mmoja mpaka akalia. Kisha sisi tukarudi ofisini, tukafungua faili ya mkutano, na ndani yake mlikuwa na nini? Karatasi ya mahudhurio.

Karatasi ya mahudhurio, ndugu zangu! Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Ile karatasi unayotia sahihi mlangoni ukidhani ni ya soda na nauli, hiyo ndiyo inayopelekwa mbele kuonyesha kwamba ulishirikishwa. Ulichokisema hakimo, sahihi yako imo. Ni nani hapa ametia sahihi karatasi ya namna hiyo? Inueni mikono niwaone. Naam, karibu ukumbi mzima. Sasa aliye na nakala ya alichokisema siku hiyo abaki ameinua mkono.

Mnaona? Mikono yote imeshuka.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa habari ya mpango wa mji, hata aliyekuwapo lake halipo, ikiwa halikuandikwa. Nimekuja kusema hilo moja. Mengine yote yatakuwa ya kulielezea.

Najua wapo wanaosema: kwani tukiandika watatusikiza? Swali hilo ni la haki, wala sitalipuuza. Katiba ya 2010, ibara ya 10, imeuweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Na haya si mapambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji Odunga alisema serikali ya kaunti haiwezi kutupa ujumbe mtandaoni ikawaachia wananchi kazi ya kuutafuta. Akataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za kienyeji, kwamba huko ndiko watu waliko, basi huko ndiko wafuatwe. Sheria nzima ya kaunti ilianguka kwa sababu hiyo.

Lakini msipige makofi bado. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu nayo ilisikiliza kesi ya kampuni ya sigara iliyodai haikushirikishwa katika kanuni za tumbaku. Mahakama ikasema, kweli, ushirikishaji lazima uwe wa dhati, usiwe wa kujionyesha tu. Kisha ikaikatalia kampuni, kwa kuwa nafasi ya kutoa maoni ilikuwa imepewa. Kwa hiyo kesi hizo mbili zisomeni pamoja. Ya kwanza inamuuliza mkubwa: mlango uliufungua? Ya pili inatuuliza sisi: mlango ulipokuwa wazi, mlifanya nini?

Haya, tuje kwenye ramani yenyewe. Mpango wa mji huja na kitabu kinene na ramani. Kitabu kimejaa maneno matamu: ustawi, mji wa kisasa, maendeleo endelevu. Hakuna mtu aliyewahi kubomolewa kibanda na neno ustawi. Kinachobomoa ni mstari kwenye ramani. Kwa hiyo, ukiwa na saa moja tu, kitabu kiache, soma ramani.

Na ramani husomwa kwa rangi. Kwa desturi ya wapanga miji wa Kenya, kahawia ni makazi, zambarau ni viwanda, rangi ya chungwa ni shule na vyuo, kijani ni bustani na viwanja vya michezo, manjano ni huduma za umma kama hospitali na ofisi za serikali, nyekundu ni biashara, samawati ni huduma za maji na majitaka, kijivu ni barabara. Itafute nyumba yako, halafu uulize imepakwa rangi gani. Ukikuta unalala kwenye kahawia, vema. Ukikuta unalala kwenye kijivu, wewe na familia yako mmelala barabarani, ila hamjaambiwa.

Nitawapa kisa kimoja. Katika mji fulani wa magharibi, ambao sitautaja kwa sababu wahusika bado wako kazini, tulitundika rasimu ukutani. Kando ya mto, karibu na steji ya matatu, palikuwa na ukanda mrefu wa kijani. Mtaalamu akaeleza: hapa tutapata bustani, watoto watacheza, miti itapandwa. Makofi! Nani atakataa bustani? Kijani kinapendeza sana ukiwa hujui kimepakwa juu ya nani.

Mama mmoja muuza omena akaondoka kwenye kiti chake, akaenda mpaka ukutani, akawasha tochi ya simu akaimulika ramani. Akaweka kidole. Akauliza, "Hapa si ni nyuma ya posho mill?" Akaambiwa ndiyo. "Basi hapa ni sokoni kwetu." Mtaalamu akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, hapo ni ardhi wazi, tumeangalia picha ya angani, hakuna jengo hata moja." Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sisi wote wenye digrii hatukuwa tumeliuliza: "Picha ilipigwa siku gani?"

Watu wakacheka. Kijana wa kompyuta akafungua faili, akatafuta tarehe, akahesabu. Jumatatu. Na soko la pale ni la Jumatano na Jumamosi! Wauzaji wanakuja na turubai na magunia, jioni wanakunja, wanaondoka. Siku ya Jumatatu ndege ikipita juu itaona nini? Nyasi na mbuzi wawili. Kwa hiyo mamia ya watu waliolisha familia zao pale kwa miaka mingi, kwenye ramani yetu hawakuwapo. Hakuna aliyewachukia. Hawakuonekana tu, na mimi naona hilo ndilo baya zaidi, maana adui utamjua, lakini utapigana vipi na mtu ambaye hana habari kwamba upo?

Mama yule hakuishia kwenye swali. Alimtafuta mwalimu wa shule ya msingi, wakaandika barua, wakaambatisha risiti za ushuru wa soko za miaka kadhaa, zile karatasi ndogo za kila siku ambazo wengi wetu tunatupa hapo hapo. Risiti za kaunti yenyewe! Wangesemaje kwamba soko halipo, na kila siku ya soko walikuwa wakilitoza ushuru? Rasimu ikarekebishwa. Kijani kikabaki kwenye ukingo wa mto, ambako kweli hapafai kujengwa, na nyuma yake pakawekwa soko. Tangu siku hiyo kila ninapokutana na wachuuzi nawaambia: tunzeni risiti.

Sasa tuje hapa kwetu Nakuru, maana hapa ndipo nyinyi mnajua kuliko mtu yeyote atakayetoka Nairobi na kompyuta.

Mji huu umebanwa. Kaskazini kuna mlima wa Menengai, kusini kuna Ziwa Nakuru na mbuga yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 katika mji, na Desemba 2021 tukapewa hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Watu wanaongezeka, na mlima na ziwa haviwezi kusogezwa. Nisahihishwe: ziwa linasogea, ila linasogea kuja kwetu! Mmeona wenyewe miaka hii lilivyopanda, likameza lango kuu la mbuga mpaka likalazimika kuhamishwa, na watu wa upande wa Mwariki na Barut wakahama nyumba zao. Upande wa magharibi nako ardhi ina mipasuko. Mvua kubwa ikinyesha nyufa zinafunguka. Wataalamu wa miamba wamezichora, lakini anayejua ufa ulipita chini ya choo cha nani ni jirani.

Na maji ya mvua, je? Yanashuka kutoka Menengai yakitafuta ziwa, na njiani yanapita kwenye mitaa. Yanapita wapi hasa? Mpanga mji ana ramani ya mwinuko wa ardhi, itampa jibu la jumla. Lakini hajui kwamba landilodi fulani alijaza mtaro mawe akajenga ukuta, sasa maji yanakunja kona na kuingia kwenye darasa la chekechea. Wewe unajua, na unajua ni mwezi wa Aprili, na una picha kwenye simu. Picha hiyo usiitume kwenye kikundi cha mtaa peke yake ili watu wasikitike. Ichapishe, andika nyuma yake mahali na tarehe, iambatishe kwenye barua yako.

Tena Nakuru haianzi leo. Katikati ya miaka ya 1990 mji huu ulikuwa mmojawapo wa miji michache sana duniani, pamoja na Essaouira ya Morocco na Vinh ya Vietnam, iliyochaguliwa na Umoja wa Mataifa kujaribu kupanga mji pamoja na wakazi wake. Wazee walioko hapa huenda wanakumbuka mikutano ile. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa mambo ya mipango, mwambie Nakuru ilikuwa ikifanya hivyo yeye akiwa shule ya msingi.

Sasa barua yenyewe. Nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo maoni mengi hufia.

Tulipokuwa tukipokea maoni ya mpango mwingine, huko huko magharibi, tulipata barua mbili juu ya barabara moja. Ya kwanza ilikuwa na sahihi kurasa kwa kurasa. Imechapwa vizuri, ina kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Ilisema: sisi wakazi tunaukataa mpango huu kabisa, ni wa kutunyanyasa, umeletwa na watu wasiotutakia mema. Mwisho. Unadhani barua hiyo ilifanya nini? Tuliiorodhesha kwenye jedwali, tukaandika mbele yake "Imepokelewa", tukaendelea na kazi. Mtanilaumu, lakini niambieni, ningebadilisha mstari upi? Barua haikutaja mstari hata mmoja.

Ya pili iliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, ukurasa mmoja na nusu, kutoka kwa kikundi cha akina mama wanaotunza chemchemi. Walisema: barabara ya mita 15 iliyochorwa kutoka kanisani kwenda shuleni itapita juu ya chemchemi yetu. Fundi mawe mmoja aliwapimia kwa utepe wake kutoka nguzo ya stima mpaka kwenye bomba la chemchemi, wakaandika mita. Wakasema Januari na Februari mifereji ikikauka, mtaa mzima huja hapo, wakataja na vijiji vya jirani. Halafu, na hapa ndipo waliponishinda, wakasema: hatukatai barabara. Nyuma ya shule kuna njia ya ng'ombe ambayo tayari ni pana, na nyumba zilizo karibu nayo ni chache. Pitisheni huko. Wakachora mchoro kwa penseli, na chini nambari ya simu ya mwenyekiti wao.

Wiki iliyofuata mpimaji alikuwa pale uwanjani. Mstari ukahamishwa.

Sahihi kurasa kwa kurasa hazikusogeza kitu. Ukurasa mmoja na nusu ukasogeza barabara. Kwa nini? Soma matangazo yenyewe. Chini ya sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, rasimu ikikamilika tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti ya kawaida. Tangazo humpa mwenye maoni au pingamizi siku 60 awasilishe kwa maandishi, na husema kwamba lazima ataje sababu zake. Lazima ataje sababu! Kwa hiyo "hatutaki" si sababu. "Hatutaki kwa kuwa hapa pana chemchemi, na ushahidi ni huu, na njia nyingine ni ile kule" hiyo ni sababu. Mwambie msomaji wewe ni nani, ni mahali gani kwenye ramani, kuna nini pale ambacho ramani haikuona, kitaharibika nini, na ungependa pafanywe nini badala yake. Kurasa mbili zinatosha. Na iandike kwa Kiswahili kama ndicho kinachokutoka vizuri, maana Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Usiache kuandika kwa kuogopa sarufi ya Kiingereza.

Hapa niseme jambo ambalo halitampendeza kila mtu. Barua nyingi nilizosoma zilikuwa za mtu na ploti yake. Kila mtu anataka barabara, hakuna anayetaka ipite kwake. Landilodi anaomba mtaa upandishwe kuwa wa magorofa, lakini hasemi majitaka ya hayo magorofa yataenda wapi. Kujitetea ni haki yako. Lakini mpanga mji akiona barua kumi na kila moja inamsukumia jirani barabara, anajua mtaa huu haujazungumza, na ataamua mwenyewe. Zungumzeni kwanza. Gombaneni huku kwenu, mkija huko mje na neno moja.

Na nyinyi wapangaji wa nyumba, mbona mmekaa nyuma? Nimesikia mara nyingi, "Mimi sina ploti, mambo ya mpango ni ya wenye ardhi." Nani alikwambia? Sheria haikuulizi hatimiliki ili utoe maoni. Na wakazi wengi wa miji yetu ni wapangaji! Wewe unayetembea kutoka Kaptembwo au Rhonda alfajiri kwenda kazini ndiye unayejua ni wapi hakuna taa na ni wapi mtaro unavukwa kwa ubao. Mwenye ploti huenda anaishi mtaa mwingine kabisa, anakuja tarehe tano kuchukua kodi.

La mwisho sitakaa nalo sana. Barua ikishafika, usiitelekeze. Ukitaka kuona rasimu, ramani au ripoti ya maoni, ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya habari, na sheria ya 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 kujibu ombi lako. Haki yako ikiathiriwa na uamuzi, ibara ya 47 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukiona umedhulumiwa, kuna kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa za mipango, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na huko kote, swali la kwanza utakaloulizwa ni: ulisema nini wakati wa maoni, na kiko wapi? Mpango ukishapitishwa na bunge la kaunti, kila ombi la kujenga litapimwa nao, na kuurudisha nyuma ni kazi ya mawakili na pesa.

Basi tufanye hivi. Pale ukutani kuna ramani ya mtaa mmoja mmoja tuliyoichapisha kwa ajili ya mazoezi. Watu wa magharibi mwa mji wakae upande wa madirisha, wa Mwariki na huko chini ziwani wakae karibu na jukwaa, wa katikati ya mji na masoko wabaki katikati. Kila kundi limtafute anayeandika haraka, na anayejua mtaa tangu zamani, na wasiwe mtu mmoja. Karatasi ziko kwa katibu. Kila barua iwe na nakala mbili: moja inabaki ofisini, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mnarudi nayo nyumbani. Karani akisema muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ametoka, kaeni kwenye benchi mmsubiri. Nendeni watu watatu, msiende mtu mmoja.

Kabla hamjahama viti, nitachukua maswali machache. Mzee wangu pale nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja mtaro. Karibu kipaza sauti, uanze kwa kutuambia ni mtaro upi.